Kuhesabiwa

Desemba ikifika katikati, Dar es Salaam huurudia utani wake wa kila mwaka: Wachaga wanakwenda kuhesabiwa. Husemwa kwenye daladala, husemwa maofisini, husemwa Kariakoo mbele ya maduka yaliyofungwa kabla ya wakati, na aghalabu mtaniwa hayupo kujibu, kwa kuwa tayari yuko Mbezi, kituo cha mabasi cha Magufuli, anagombea kiti. Wiki hiyo mabasi ya Moshi hayatoshi hata yangeongezwa vipi. Mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, hutoa vibali vya muda kwa magari ya njia nyingine, na bado utamkuta mtu mzima mwenye suti amekalia ndoo katikati ya viti kuanzia Chalinze hadi Himo, na hana kinyongo. Treni ya abiria iliporudi Moshi baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20, ilirudi Desemba, mwaka 2019. Sikuhitaji kuuliza kwa nini mwezi huo.

Utani huu una ukweli mwingi kuliko anavyodhani mwenye kuutoa. Krismasi yenyewe, ukiisoma katika Injili ya Luka, inaanza na sensa. Kaisari Augusto anatoa amri, kila mtu anakwenda kuandikwa mjini kwao, na Yusufu wa Nazareti anafunga safari na mchumba wake mjamzito kwa sababu ukoo wake ni wa Bethlehemu. Hakufuata karamu. Jina lake lilikuwa linatakiwa alikotoka, wala si alikokuwa anafanyia kazi. Mchungaji mmoja wa kwetu Marangu aliwahi kulisema hilo mimbarani, huku nje ya kanisa magari ya mjini yamejipanga hadi barabarani, na waumini walicheka, wale wa mjini wakicheka kuliko wote.

Mimi ni katika wasiohesabiwa. Naishi Leicester, katikati ya Uingereza, na sikukuu hizi nimezimaliza ndani ya nyumba, hita imewashwa, simu iko kwenye chaji, sina pa kwenda na sina ninayemsubiri. Watu wa nyumbani wakisikia hivyo hunipa pole kwa sauti ya msibani. Watanzania wenzangu wa huku nao hunialika, na nikikataa mwaliko wanaamini nina jambo. Tiketi za Desemba hazina huruma, makaratasi nayo yana misimu yake, na kuna mwaka ambao mtu anapiga hesabu zote akaona bora abaki. Hayo yanaeleweka na sitayarefusha. Ninachotaka kuandika ni kuhusu ukimya wenyewe, kwa sababu naona tunauelezea vibaya. Tukiwa ugenini tunazungumza kana kwamba tulichokosa ni sherehe: nyama, mbege, watoto wenye nguo mpya, kelele. Kweli tumevikosa. Lakini nyama ipo Leicester, tena nafuu, na kelele zikitakiwa zinapatikana. Kisichopatikana ni kikao.

Asiyekulia kwetu mlimani, Kilimanjaro, anaweza kudhani watu husafiri kilomita zaidi ya 500 kwenda kuchinja. Kuchinja kupo, na nyama haigawiwi ovyo. Sehemu za mnyama zina wenyewe kufuatana na nafasi ya mtu katika ukoo, na anayeletewa isiyo yake huelewa papo hapo kwamba kuna jambo limebadilika. Mbege ipo, ya ndizi na ulezi, na gome la msesewe la kuitia uchungu. Kanisani baada ya ibada kuna mnada wa sadaka, ambapo jogoo mmoja anaweza kuuzwa, akarudishwa mezani, akauzwa tena, na tena, huku bei ikipandishwa na wale waliofika juzi kutoka mjini na wangependa ijulikane kwamba wamefika. Hayo yote ni utangulizi. Shughuli yenyewe inaanza pale watu wazima wanapokaa kwenye viti vya plastiki chini ya migomba na kuanza kuupitia mwaka.

Wanapitia nini? Nani amelima ndani ya mpaka wa nani. Isale la mpakani, ule mmea ambao kwetu ni alama ya mpaka na pia ni ishara ya kuombana msamaha, limekufa lenyewe au limeng'olewa? Mtoto wa marehemu fulani amefaulu kuingia kidato cha tano, ada inatoka kwa nani, na huyo anayeitoa mwaka wa kwanza ndiye atakayeitoa wa pili? Mahari ya binti yule imefika wapi. Kaburi la babu linataka vigae au saruji itatosha. Kijana aliyepewa pikipiki afanye biashara ameiuza, na leo yupo hapa, amekaa nyuma, anaangalia chini. Kuna daftari la mistari lenye kona zilizojikunja, kuna mweka hazina ambaye kila mwaka anaomba kupumzishwa na kila mwaka anabembelezwa aendelee, na kuna shangazi mmoja ambaye ana ruhusa ya kusema yasiyosemeka. Watu hununa, watu huondoka wakarudishwa na wazee. Mwisho hupigwa sala, na baada ya sala ndipo watu hula kwa amani.

Mambo haya yangeweza kufanywa Pasaka au Agosti. Yamekaa Desemba kwa sababu ndipo waliotawanyika hupata ruhusa, na walitawanyika kwa sababu ya ardhi. Kihamba, yaani lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba na ambalo ndani yake tunazikana, hukatwa kizazi baada ya kizazi, ilhali mlima hauongezeki. Desturi ilikuwa mtoto wa kwanza wa kiume kukatiwa sehemu na baba, na wa mwisho kubaki na nyumba ya wazazi pamoja na kihamba chake. Wa katikati walitafutiwa sehemu mpya, wakati sehemu mpya zilipokuwepo. Kahawa ilisaidia kwa muda. Wakulima walianzisha chama chao cha KNPA mwaka 1925, na kilipozaliwa upya kama KNCU mwaka 1933 kilikuta mibuni inayoweza kuezeka nyumba bati na kumfikisha mtoto shule. Kisha watu wakawa wengi, vihamba vikawa vyembamba, bei ya kahawa ikaanza kuyumba, na watoto wa katikati wakapewa barabara. Waliifuata hadi Kariakoo, Mwanza na Mbeya, wakafungua maduka mpaka leo mwenye duka la mtaani huitwa Mangi hata akiwa Mkinga. Mimi ni mtoto wa katikati. Barabara yangu ilikwenda mbele kidogo kuliko za wengine.

Kwa hiyo mtu anayekwea mlima Desemba, hata akiwa na gari jipya na miwani, ni mtu aliyeondoka kwa kukosa kihamba na sasa anarudi kuhakikisha hajakosa na ukoo. Akikaa kwenye kile kiti cha plastiki amekuwepo, hata asiposema neno. Asipokaa, mambo yake yanaamuliwa na waliopo, na kwa kawaida wanayaamua kwa nia njema. Nia njema hiyo ndiyo inayoniweka macho.

Leicester tarehe 25 Desemba haina hata chembe ya hayo. Treni hazitembei nchi nzima. Mabasi yamelala. Sheria ya mwaka 2004 inayakataza maduka makubwa, yenye ukubwa wa zaidi ya mita za mraba 280, kufunguliwa siku hiyo, hapa Uingereza na kule Wales. Jua linatoka saa mbili na robo asubuhi likiwa limechoka tayari, na kabla ya saa kumi jioni limekwishaondoka. Ukisimama dirishani unaona barabara tupu, magari yameegeshwa, na nyuma ya mapazia taa za rangi zinawaka na kuzima. Mgeni husema Waingereza ni baridi. Siwaoni hivyo. Sikukuu yao wanaifanyia ndani, na aliye ndani anafurahi sawasawa na sisi. Yetu hufanyika njiani: Krismasi ya mlimani ni watu kutoka nyumba hii kwenda ile, kusalimiana kwenye vijia vya mifongo, ile mifereji yetu ya maji, kuchungulia kwa jirani kuona kama chungu kimeinjikwa. Ndiyo maana Mchaga akiitazama barabara tupu tarehe 25 moyo humwambia kuna msiba au vita. Jirani yangu, mama mzee anayeishi peke yake na paka, alikuwa amenipitishia kadi kwenye tundu la mlango siku tatu kabla. Hakugonga. Nami nilimpitishia yangu bila kugonga. Kwa desturi ya hapa tulikuwa tumetembeleana.

Miaka ya mwanzo niliikimbia siku hii kwa kuomba zamu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na anayejitolea kushika zamu ya Krismasi hupendwa na kila mtu, analipwa vizuri zaidi, na analala amechoka kiasi cha kutowaza. Wengi wetu tunaobeba maboksi huku tunaifahamu dawa hiyo. Wazee wale huvalishwa kofia za karatasi, hupewa bata mzinga aliyekatwa vipande vidogo, na wanaobahatika hutembelewa na wanao kwa saa moja kabla giza halijaingia. Niliwahudumia kwa moyo mmoja na bado naamini ni kazi ya heshima. Safari hii sikuomba zamu, nikataka nione ukimya ukiachwa peke yake unasema nini.

Jambo la kwanza ulilosema sikulitarajia: ni mtamu. Niliamka hakuna anayenihitaji. Hakuna aliyenituma dukani kufuata sukari ya wageni, hakuna aliyeniuliza nitaoa lini au kwa nini nimekonda, hakuna mjomba aliyenishika mkono pembeni ya zizi kunieleza mradi wa kuku. Nilipika machalari bila haraka. Ndizi ilibidi ziwe za Uganda, kwa kuwa zile za mshare hazifiki huku, na zilikubali kuiva ila zikakataa kuwa laini ninavyojua mimi. Nikala, nikaosha chungu, nikalala mchana. Nayasema haya kwa sababu kuna unafiki katika namna tunavyoililia Krismasi ya nyumbani. Nusu ya tunaolia tumewahi kuwa kule tukajifungia chooni na simu ili tupate dakika kumi za kuwa peke yetu.

Na kuna ambao hawalii kabisa. Dada mmoja wa Rombo anayeishi Birmingham alinipigia asubuhi hiyo kunitakia heri, nikaanza kumweleza habari za kikao na kiti changu kilicho wazi. Alinisikiliza, kisha akasema, "Kaka, wewe unalilia kikao ulichowahi kuwekewa kiti. Mimi nilikuwa jikoni." Akanieleza Krismasi zake. Kuamka saa kumi usiku, moshi machoni, sufuria zinazohitaji watu wawili kuzinyanyua, ndizi za kumenya mpaka vidole vinakuwa vyeusi kwa utomvu, na maamuzi kusikika kutokea chini ya migomba kama redio ya nyumba ya pili, kwa vipandevipande. Kihamba hakikukatwa kwa ajili yake. Mahari yake ilijadiliwa yeye akiwa anaosha vikombe. Kwake yeye nyumba ndogo ya kupanga Birmingham, soksi nzito, chai na filamu mbili ni sikukuu ya kwanza aliyowahi kusherehekea akiwa amekaa chini. Hakulisema kwa uchungu. Alikuwa anacheka, na nyuma yake maji ya chai yalikuwa yanachemka.

Sikuwa na jibu, na sijalipata. Naweza kusema tu kwamba vikao vinabadilika, kwamba siku hizi kina mama huketi, huandika muhtasari, na katika koo nyingine ndio wanaoshika fedha. Ni kweli. Lakini anayenijibu kwamba waliketi baada ya kumaliza kuosha vyombo naye atakuwa amesema kweli.

Kabla ya sikukuu nilikuwa nimefuata zile ndizi Belgrave Road, mtaa wa maduka ya Wahindi ambako dhahabu, sari na muhogo huuzwa duka baada ya duka. Wengi wa wazee wa pale ni watu wa kwetu kwa namna yao. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972 akawapa siku 90, halmashauri ya mji wa Leicester ilitangaza katika gazeti la Uganda Argus kuwataka wasije huku, kwamba nyumba na shule zimejaa. Walikuja, na leo mji hauwezi kujieleza bila wao. Mzee mwenye duka ninalopendelea alizaliwa Jinja. Akisikia lafudhi yangu hubadilisha lugha papo hapo, na Kiswahili chake ni cha sokoni, cha haraka, hakina urembo na hakina kosa linalozuia biashara.

"Hukwenda kwenu Krismasi?" aliniuliza huku akipima ndizi.

"Mwaka huu nipo, mzee."

"Mimi pia nipo," akasema. "Tangu sabini na mbili."

Akaongeza ndizi mbili juu ya kilo bila kuzipima. Nilitembea hadi nyumbani nikilifikiria jibu lake. Mimi kiti changu kipo, sijakikalia tu kwa muda. Jinja hakuna daftari linalomsubiri, hakuna mweka hazina atakayesoma jina lake na kuweka alama ya kutohudhuria. Nadhani kutokuwepo nako kuna ngazi zake, na mimi niko ngazi ya chini kabisa, ile ambayo bado mtu anadaiwa mchango.

Saa tisa alasiri ya tarehe 25 Waingereza wengi huwasha televisheni kumsikiliza mfalme. Nami niliwasha, kwa udadisi zaidi kuliko utii. Desturi hiyo ilianza mwaka 1932, siku chache baada ya BBC kuanzisha idhaa yake ya himaya. Mfalme George wa Tano alizungumza kwenye redio kutokea Sandringham, na hotuba aliandikiwa na Rudyard Kipling. Ilielekezwa hasa kwa watu waliokuwa mbali kiasi kwamba sauti peke yake ndiyo ingeweza kuwafikia. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza. Nikawa namfikiria ofisa wa wilaya pale Moshi, amekaa barazani na redio inayokoroma, joto la Desemba limemkaa kwenye kola, mpishi wake Mchaga amemwandalia chakula cha kwao kwa vitu visivyo vya kwao. Huenda naye alikuwa mtoto wa katikati. Uingereza nayo ilikuwa na desturi ya kumwachia mkubwa nyumba na ardhi na kuwatuma wengine ng'ambo. Simwonei huruma sana, maana alikuwa na bunduki ya serikali na mimi nina kitambulisho cha kazi. Lakini kiti alichokuwa anakifikiria kule kwao, mezani kwa baba yake, na mimi leo ninachokifikiria chini ya migomba, ni viti vya aina moja. Mwenzangu alitumiwa sauti ya mfalme. Mimi natumiwa sauti za WhatsApp.

Kuna jambo lingine nililogundua mwaka huu, nalo ni la falaki. Tunapishana na nyumbani saa tatu, na siku zote nimeziona hizo saa tatu kama umbali. Lakini mwisho wa Desemba jua la Moshi huzama kama saa kumi na mbili na dakika 40 jioni, na la hapa huzama kabla kidogo ya saa kumi, ambazo kwa Moshi ni kabla kidogo ya saa moja usiku. Yaani tunapishana kwa robo saa tu, au pungufu. Asubuhi wao hulipata jua saa tano kabla yangu, ila jioni tunalipoteza karibu pamoja. Nilipopiga simu kumsalimu mama, dirisha lake lilikuwa linaingia giza na langu pia, na kwa mara ya kwanza hakuniuliza huko ni saa ngapi.

Kikao chetu kilikaa tarehe 26. Huku nako ni sikukuu, watu wanarudisha zawadi wasizozipenda, kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Mdogo wangu aliisimamisha simu mezani, imeegemea kreti ya soda, kamera inaangalia juu zaidi kuliko inavyotakiwa. Kikao kizima nilikiona kuanzia kwenye mapaji ya nyuso kwenda juu: kofia, mvi, majani ya migomba, na kipande cha anga. Sala nikaisikia vizuri. Baada ya sala mtandao ukaanza mambo yake.

Ukiwa mbali unajifunza kusikiliza kikao kwa namna ambayo aliyekaa pale hahitaji. Nilisikia jina langu likitajwa kwenye mchango wa bomba la maji, nikasikia kiasi, kisha sauti ikakatika, na iliporudi walikuwa wamekwishahamia kwenye kaburi la babu. Nikajaribu kuingilia. "Mangi wa Ulaya ana neno," mtu mmoja akasema, watu wakacheka kicheko kizuri, wakaendelea. Hakukuwa na dharau yoyote ndani yake. Aliyeko mbali anachukuliwa kama mtu aliyekwishakubali, na kwa kuwa amezoea kukubali, hesabu hupangwa akiwa tayari yumo. Nilikuwa nimehesabiwa, naam, ila kwenye safu ya mapato.

Nasema hivi nikijua kwamba wao wana hoja. Baba mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti, hajawahi kutoka nje ya mkoa kwa zaidi ya mwezi. Yeye ndiye anayekwenda hospitali na mama usiku. Yeye ndiye aliyesimama kwenye matope mfongo ulipobomoka. Kila kitu ninachokijua kuhusu kihamba chetu kwa miaka hii nimekijua kupitia macho yake, na mtu aliyebeba mzigo huo ana haki ya kuchoka na sauti inayotoka kwenye simu ikimuuliza maswali ya utaratibu. Waliobaki hutuona tumeponyoka, nasi huwaona wamemiliki. Pesa ninazotuma zinajaribu kukaa katikati ya hayo mawili, na kwa kweli zinafanya kazi kubwa, ila haziwezi kunyanyua mkono na kuomba nafasi ya kuzungumza.

La mpaka lilikuja mwishoni, wakati harufu ya nyama, kwa jinsi nilivyoona watu wakigeuka geuka, ilikuwa imeanza kushinda ajenda. Upande wa chini wa kihamba cha marehemu baba, kule kunakopakana na watoto wa ndugu yake, masale mawili hayapo. Mmoja alisema yalikauka na ukame. Shangazi alisema ukame wa ajabu, unaochagua. Baba mdogo akasema litaangaliwa. Nikaomba kuuliza, mtandao ukanikubalia, nikauliza litaangaliwa na nani na lini, na kama linaweza kuandikwa. Kimya kikaingia pale chini ya migomba, kile cha watu wanaotazamana, ambacho kwenye simu hakitofautiani na mtandao kukatika. Mdogo wangu akainama mbele ya kamera kuangalia kama bado nipo.

Usiku nilimwandikia baba mdogo ujumbe mrefu, kwa shikamoo na kwa adabu zote. Nilikubali kiasi cha bomba. Niliomba mambo matatu: muhtasari uandikwe na upigwe picha tulio mbali tuuone, mambo yanayotuhusu yazungumzwe mwanzoni, kabla watu hawajachoka, na masale yapandwe upya mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, wakati wale wanaokumbuka mstari ulipopita bado wako hai. Alinijibu kesho yake kwa sauti, dakika nne nzima, nyingi zikiwa za kunisalimu, kuuliza afya, baridi, na kama nilikula chochote cha maana. Muhtasari amekubali, ataandika binti yake maana ana mwandiko. La kuwekwa mwanzoni amekubali pia, ila simu niipigie mapema, wasianze kunitafuta watu wameshakaa. La masale amelikataa. Hawezi kupanda mpaka wa mtoto wa kaka yake huku mwenyewe akiangalia majani ya migomba kwenye simu. Ameahidi kwamba mpaka hapo nitakapofika hakuna atakayelima kule chini, na amemwambia hivyo jirani, na shangazi alikuwepo akasikia.